Si Resi Iliyoiua Injini Ile

Kondo sikuwa nimemwona kwa miaka thelathini na kitu, na siku nilipomwona alikuwa anawaambia watu uongo bila kujua kwamba ni uongo. Ilikuwa Kimbiji, siku ya tatu ya msiba wa Mzee Nassoro, aliyetufundisha ufundi wa magari sote wawili. Nilikuwa nimefika mchana, gari limejaa vumbi, nimeshatoa pole kwa wajane, nimeonyeshwa mkeka wa kukaa na watu wa rika langu. Nyuma yangu, upande wa pili wa turubai, walikaa vijana watano sita, madereva wa bajaji na wa magari ya kubeba nazi. Mmoja alikuwa anasimulia habari za jamaa yake wa Boko aliyenunua gari la spoti lililotumika Japani, anavyolipiga resi kila siku asubuhi kwenda mjini na kila siku jioni kurudi. Akauliza wenzake kama injini ya namna hiyo itadumu kweli. Sauti ya mzee mmoja ikamjibu, bila haraka, kwamba haidumu. Ikasema resi ni sumu, ukiivuta injini mpaka juu mara kwa mara unaipunguzia siku zake, na kwamba yeye hasemi kwa kusikia, anasema kwa sababu aliwahi kuua injini moja kwa mguu wake huu wa kulia, na tangu siku hiyo hajarudia. Niliijua sauti kabla sijageuka. Baadaye niliambiwa kwamba pale kijijini wanamwita Mzee Polepole, kwa jinsi anavyoendesha pikapu yake ya ndizi. Kondo niliyemjua mie, ungemwita jina hilo angekucheka siku nzima.

Swali hilo la resi mie naulizwa kila wiki. Nina gereji mbili, moja Mtoni na nyingine hukohuko Boko, na hawa wenye magari ya milango miwili wanakuja wamevaa miwani ya jua wakitaka kuambiwa wanachokipenda. Mie niliishia darasa la nne, lakini injini nilizozifungua kwa mikono hii hazihesabiki, na aliyesoma akinibishia namwambia avue saa tuingie chini ya gari pamoja. Jibu langu ni fupi. Injini ya spoti imetengenezwa ipande. Aliyeitengeneza akaweka mshale wa kupima resi, akaweka na mstari mwekundu, na chini ya mstari huo pote ni halali yako. Itakunywea mafuta, itapunguza oili upesi zaidi, klachi na plagi utabadilisha mapema kuliko jirani yako anayekwenda taratibu, hayo sikatai. Lakini kwa resi peke yake haifi. Inakufa ikivutwa ingali baridi. Inakufa kwa kukosa oili, kwa oili chafu, kwa maji kuisha kwenye rejeta. Resi inakuja tu kuonyesha kosa ambalo lilikuwemo tangu mwanzo. Wateja wanalipenda neno hilo la mwisho, wanalirudia kwa wenzao, na mie nimepata jina kwa ajili yake. Neno lenyewe si langu. Ni la Kondo, alilisema mwaka ule tulipokuwa tunaishi chumba kimoja Mtoni, na mie siku hiyo nilikuwa miongoni mwa waliomcheka.

Chumba kilikuwa cha mwisho kwenye korido, nyumba ya Bi Tatu, hatua chache kutoka Barabara ya Kilwa. Magodoro mawili, meza moja iliyokosa mguu tukaikalisha juu ya ngoma ya breki ya lori, na kamba ya kutundikia nguo ambayo ilinuka petroli hata tukifua vipi. Ukuta kati yetu na Bi Tatu haukufika juu kwenye bati, kwa hiyo maneno yake yote yalikuwa yetu na yetu yalikuwa yake. Alikuwa na dada yake anayemtembelea kila jioni, nao wawili walitujadili kama vile hatupo. Wale mafundi wangu, alikuwa akisema, wanapika vizuri kuliko wanawake wa nyumba hii, ila sabuni hawaijui. Kondo alikuwa anajibu kwa sauti ya kawaida tu kwamba sabuni tunaijua, tumeisahau sura yake, na Bi Tatu alikuwa anacheka huko kwake mpaka anakohoa. Kupika ilikuwa kazi ya Kondo. Ugali, dagaa wa kukaanga, matembele ya nazi akipata nazi, tunakula kwenye sinia moja tumekaa sakafuni, mlango wazi kwa ajili ya joto. Na wakati wa kula ndipo alipokuwa anafanya ule mchezo wake. Gari likipita barabarani anaacha kutafuna, anainua kidole, anasema ugonjwa wake. Hilo valvu moja haikai vizuri. Hilo beringi ya gurudumu la nyuma, kushoto. Mie nilikuwa nambishia kwa kubisha tu, tunawekeana dau la nani ataosha vyombo. Niliosha vyombo karibu mwaka mzima. Wiki haiishi, lori lilelile linaletwa uwanjani kwetu na ugonjwa uleule.

Uwanja wa Mzee Nassoro haukuwa na jina wala kibao. Ukuta wa mabati pande tatu, shimo la kuingilia chini ya magari, stoo ya spana yenye kufuli, na benchi ambalo yeye tu ndiye aliyelikalia. Alijifunzia kazi kwenye malori, na kwake injini nzuri ilikuwa ile inayonguruma chini kwa chini kama mtu aliyeshiba. Ukipiga resi mle uwanjani alikuwa anakohoa. Ukiendelea, anakohoa tena, na kikohozi cha pili kilimaanisha uzime. Mwaka ule macho yake yalianza kuingia ukungu, spana ya kumi na mbili na ya kumi na tatu alizitofautisha kwa kuzishika, na kabla ya Ramadhani alitangaza mbele ya wote kwamba mwaka hautaisha bila kuchagua fundi mkuu atakayekaa na ufunguo wa stoo. Hakutaja jina. Kila mtu alijua ni mie au Kondo. Kondo alikuwa na sikio, mie nilikuwa na mkono: nikifunga kitu hakivuji, na usafi wa kazi yangu Mzee aliupapasa kwa vidole na kuukubali. Ufunguo ule niliutaka. Sioni sababu ya kusema vinginevyo leo. Nilikuwa nimekuja mjini sina kitu na niliutaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote kile.

Hapo ndipo alipokuja Felista. Alikuwa karani mkubwa kwenye ofisi moja ya bima mjini, mtu wa bara, anakaa Boko peke yake, umri wake umetuzidi kidogo. Alikuja akiendesha gari jeupe lililokaa chini kama limechuchumaa, milango miwili, taa za mbele zinachomoza kutoka ndani ya boneti na kurudi. Uwanja mzima ulisimama. Bi Tatu, aliyekuwa amekuja kutuletea chai, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke gani huyo anaendesha gari lisilo na pa kukaa mtoto, na Felista akamwambia, shikamoo mama, mtoto akija nitamtafutia la kwake. Kisha akamsalimu Mzee, akasimama mbele ya benchi, akauliza. Alisema amelingoja gari hilo miaka mingi, hakulinunua ili alipeleke kanisani Jumapili na kulirudisha, anapenda kulivuta, na kila akilivuta wanaume wa ofisini wanamwambia analiua. Alitaka kusikia kutoka kwa fundi.

"Nikilivuta mpaka juu kila siku, Mzee, nitaliua?"

"Utaliua, mwanangu," Mzee Nassoro alisema.

"Haliuliki hivyo," ikasema sauti kutoka chini ya lori.

Mzee akauliza nani kaulizwa huko chini. Kondo akajivuta akatoka, uso mweusi wa oili, akamsalimu yule dada kwa adabu, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la gari na kuonyesha ule mshale wa resi. Akasema aliyelitengeneza ameandika namba mpaka nane na mstari mwekundu akauweka baada ya saba. Angetaka uishie tatu angechora mpaka tatu, asingepoteza rangi. Ndipo aliposema lile neno la resi kuonyesha kosa lililomo. Akamwambia mambo mawili tu: asilivute mpaka apite mwendo wa dakika kumi na mpira wa rejeta uwe moto wa kuchoma kiganja, na kila Jumamosi achomoe kijiti cha oili aangalie mwenyewe, asimwachie mtu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia Felista kwamba kijana huyu anajua sana magari ya watu, la kwake bado hajapata. Tulicheka. Mie nilicheka zaidi ya wengine. Felista hakucheka, na kuanzia siku hiyo akija alikuwa anamuulizia Kondo.

Miezi ikapita, gari lile likivutwa kila siku na likiwa zima kabisa. Ushindi wa Kondo ulikuwa unapaki mbele ya uwanja kila mwisho wa mwezi, na hata Mzee alianza kunyamaza linapotajwa. Kisha Felista akaja kulalamika matone ya oili kwenye sakafu ya nyumbani kwake. Kondo siku hiyo alikuwa Mbagala amefuata gia boksi, kazi nikapewa mie. Lilikuwa linavuja kwenye sampu, ile beseni ya chuma iliyo chini ya injini ambamo oili inakaa. Nikaishusha. Gasketi yake dukani haikuwepo, na kwa kweli gari lile halikuwa na gasketi pale, lilifungwa kwa gundi ya silikoni tangu kiwandani. Ndani ya gari kulikuwa na kitabu cha Kijapani, na picha yake ilionyesha wazi: mstari mwembamba wa gundi, mwembamba kama njiti ya kiberiti, unazunguka ukingo. Picha niliiona. Haikuhitaji kusoma. Nikasema moyoni, hawa wanabania gundi. Kwetu pale fundi alipimwa kwa kutovuja, na kila mmoja wetu alipaka silikoni kwa kadiri ya heshima yake; mie nilipaka nene kama kidole cha mwisho, bluu, pande zote, nikakaza boliti. Ukikaza, gundi iliyozidi inatoka pande mbili. Ya nje niliipangusa kwa kitambaa ikabaki safi kama imepigwa rula. Ya ndani huioni. Mzee akaja akapapasa chini kwa vidole vyake, akavinusa, vikavu. Akasema, umeziba. Nilitembea na neno hilo wiki nzima kama mtu aliyevaa shati jipya.

Wiki tatu baadaye Felista alileta gari kubadilisha plagi. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba gari likimalizika Kondo analitoa barabarani kulisikiliza, anakwenda nalo mpaka karibu na Mbagala na kurudi. Felista akakaa pembeni yake. Kondo alilipasha moto kama anavyofanya siku zote, sote tulimwona amefungua boneti ameshika mpira wa rejeta. Wakaondoka. Walirudi wanavutwa kwa kamba na pikapu ya mtu wa mkaa, na Kondo akiwa amekaa kwenye usukani anatazama mbele. Injini ilikuwa imenoki. Alivyoeleza ni kwamba alilivuta mpaka kabla ya mstari mwekundu, kama siku nyingine zote; taa ya oili ikawaka; akaondoa mguu papo hapo; mlio ukaja, kama mtu anagonga sufuria kwa nyundo; injini ikakaba. Alirudia hayo mara tatu kwa mpangilio uleule.

"Taa iliwaka kwanza, Mzee. Mlio umekuja baadaye."

Mzee Nassoro akamwambia taa haiwaki yenyewe, mguu wako ndio ulioiwasha. Wakamgeukia Felista, yeye alikuwepo. Felista alisimama, mkoba ameubana kwapani. Alisema taa hakuiona. Alikuwa anautazama mshale. Sasa nikifikiri naona hakuwa na kosa, ndivyo anavyofanya kila mtu mwenye gari la namna ile, anatazama mshale. Mzee akasema injini itafunguliwa na itasema yenyewe, kama ni ugonjwa ni ugonjwa, kama ni mguu basi mwenye mguu atafute uwanja mwingine, maana mteja ameletewa msiba kwenye mikono yetu. Akauliza nani afungue. Kondo mwenyewe ndiye aliyejibu. Akanielekea mie, akasema afungue Hamisi, huyo namwamini.

Niliifungua siku ya pili mchana, wenzangu wamekwenda kula. Sampu ilitoka kwa taabu kwa sababu nilikuwa nimeiziba vizuri. Ndani kwenye ukingo kulikuwa na ukuta wa bluu, na sehemu sehemu ukuta huo ulikuwa umekatika, umeondoka na oili. Juu yake kuna bomba la pampu ya oili, na mdomoni mwa bomba kuna chujio, wavu mdogo wa chuma kama wa kuchujia chai. Chujio lilikuwa limejaa nyuzi za bluu, zimelala juu yake zimeshikana kama kitu kilichotafunwa kikatemwa. Palibaki pa kupitisha njiti. Injini ikienda chini, oili inayopita pale inatosha. Ikipanda juu pampu inataka nyingi, haipati, na chuma kinasagana na chuma. Niliyaelewa yote hayo kwa mara moja, nimelala chali, oili inanidondokea shingoni. Mtu angenifundisha darasani ingemchukua mwezi. Nikachukua brashi na petroli nikalisafisha chujio mpaka likang'aa. Nyuzi nikazifunga kwenye tambara nikazitupa chooni. Nikafungua beringi za konrodi, zile zinazoteleza kwa oili ndani ya injini, zilikuwa zimeungua nyeusi, nikazipanga juu ya gazeti mahali ambapo Mzee atazipapasa.

Alikuja akazipapasa. Akauliza, ni resi? Nikamwambia, sioni kingine. Uongo wangu wote kwa Mzee ni huo, maneno mawili. Nimewasikia watu wanaosimulia mambo ya namna hii wakisema hawakupata usingizi. Mie nililala.

Ila kabla ya kulala tulikula. Kondo alikuwa amepika maharage ya nazi na chapati, siku ile alipika vizuri kuliko siku nyingine, akaweka sinia kati yetu kama kawaida. Upande wa pili wa ukuta Bi Tatu alimwambia dada yake kwamba leo wamenyamaza. Magari yalipita, Kondo hakuinua kidole. Tulipofika katikati ya sinia akaniuliza, bila kunitazama, anakata chapati.

"Chujio uliliangalia?"

"Niliangalia."

"Safi?"

"Safi."

Akatafuna akameza. "Basi ni mie," akasema, na akanisogezea maharage yaliyobaki upande wake.

Aliondoka kesho yake asubuhi kurudi kwao Kimbiji. Nilidhani atakwenda uwanja mwingine, mjini gereji zilikuwa nyingi na sikio lake lilijulikana. Spana zake aligawa. Mie aliniachia bisibisi yake ndefu, ile aliyokuwa anaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akasema kwake haina kazi tena. Niliitumia mpaka mpini ukavunjika. Felista alitafutiwa injini nyingine, lakini hakuliendesha tena kama zamani. Alipokuja mara ya mwisho alimuulizia Kondo, akaambiwa ameondoka, akasema taratibu kwamba yeye ndiye aliyemzoesha kulivuta, basi wameliua wote wawili. Nilikuwa nimesimama hapo. Nikamfungulia mlango wa gari. Ufunguo wa stoo nilikabidhiwa mwezi uliofuata, mbele ya wote, na Mzee akasema huyu kazi yake haivuji. Tangu siku ile hakuna fundi wangu anayepaka silikoni kuzidi njiti ya kiberiti. Anayezidisha namfukuza, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa kwa nini. Mzee alipohamia shambani Kimbiji uwanja ukawa wangu, na wateja walipoanza kuniuliza habari za resi, nikawa nawajibu maneno ya Kondo. Yalikuwa maneno ya kweli. Mie ndiye niliyekuwa na ushahidi.

Sasa pale msibani Kondo alininyanyua kwenye mkeka kwa mikono miwili. Amekonda, mvi zimeenea, anacheka vilevile. Akanishika mkono kama desturi yetu, hauachii, akanitembeza mpaka kwenye pikapu yake chini ya minazi kunionyesha jinsi alivyoitunza. Alisema injini ni ileile tangu ainunue, hajawahi kuipeleka juu hata siku moja, wanawe watatu wote madereva na wote amewafundisha hivyo. Alisema hayo kwa fahari, kama mtu anayenionyesha kwamba somo lilimwingia. Nilikuwa nimekuja kutoa pole na kuondoka. Sikuwa nimepanga kusema kitu.

"Kondo, lile chujio halikuwa safi."

Akauliza chujio lipi. Kisha uso wake ukatulia, na nikaona amekwishajua ni lipi.

"Lilijaa silikoni," nikamwambia. "Ya kwangu."

"Rangi gani?"

"Bluu."

"Limeziba lote?"

"Lilibaki tundu la njiti."

Akaegemea pikapu. Alikuwa anahesabu, namjua akihesabu, midomo inacheza. Akasema, kwa hiyo chini linapitisha, juu linakaba. Nikasema ndiyo. Akasema, na taa iliwaka kwanza. Nikasema iliwaka kwanza. Akatazama upande wa nyumba walikokuwa wanawake, akauliza kama Mzee alijua. Nikamwambia hakujua.

"Kazikwa hajui."

"Kazikwa hajui."

Alipoendelea sauti ilikuwa ya chini, wala haikuwa na hasira, na ningependa ingekuwa nayo. Alisema hakuacha ufundi kwa sababu Mzee alimfukuza. Aliacha kwa sababu alikaa ndani ya gari lile, akaisikiliza injini ile tangu uwanjani mpaka barabarani, akaisikia nzima, na ilikuwa inakufa. Akasema fundi ambaye sikio lake limemdanganya namna hiyo ataua watu, si magari tu. Nikamwambia sikio lilikuwa sawa. Kilichokuwemo mle ndani hakikuwa na mlio. Nikaanza kumwambia kwamba gereji ya Mtoni ina nafasi, kwamba kama ana mjukuu anayetaka kazi ningeweza kumchukua. Akainua kiganja nikanyamaza.

"Wale vijana nimewaambia nini sasa hivi?"

"Kwamba resi inaua injini."

"Nenda kawaambie ulivyoniambia mie."

Nikaenda. Nina umri huu, nina kanzu nyeupe, wenye magari Boko wananiamkia shikamoo mzee kabla sijashuka kwenye gari. Nilisimama mbele ya vijana sita waliokaa wamevua viatu, nikawaambia kwamba Mzee Kondo hajaua injini yoyote maishani mwake. Nikawaeleza sampu, gundi, wavu, nilivyousafisha na nilivyojibu. Mmoja akauliza kwa nini sikusema siku ile.

"Nilitaka kuwa fundi mkuu."

"Ukawa?"

"Nikawa."

Hawakucheka wala hawakunitukana. Waliacha tu kunitazama. Kondo alikuwa amefika nyuma yangu, na mmoja wao, dereva wa gari la nazi, akamwambia, kwa adabu sana, kwamba la kwake likipanda mlima linatoa mlio kama wa cherehani halafu unapotea, itakuwa nini. Kondo akasema hajui, mambo hayo ameyaacha siku nyingi. Kijana akasubiri. Hakuna aliyeniuliza mie. Mwishowe Kondo akafunga vizuri msuli wake kiunoni, akauliza gari lenyewe liko wapi, na akasema walipeleke mbali kule chini wasiwasumbue wafiwa. Wakaondoka wote saba. Nilikaa kwenye mkeka. Nikasikia linawashwa, likaachwa lingurume taratibu muda mrefu, muda wa kutosha mpira wa rejeta kupata moto wa kuchoma kiganja. Kisha nikamsikia Kondo.

"Sasa vuta," alimwambia kijana. "Usiogope. Vuta mpaka juu."